Mtihani wa kazi wa kwenda nao nyumbani: unapima nini, na ni wakati gani unaibiwa



Leo tuongelee kitu ambacho vijana wengi wa kompyuta wanalalamikia vijiweni lakini hakiandikwi sana kwa lugha yetu. Siku hizi ukiomba kazi ya kuandika programu, kampuni iwe ipo Dar, ipo Nairobi, au ipo Ulaya na wewe utaifanyia kazi ukiwa chumbani kwako Mbagala, jibu la kwanza mara nyingi halina tarehe ya usaili. Linakuja na kiambatanisho. Ukifungua unakuta maelezo ya kitu cha kutengeneza, na chini yake: tafadhali rudisha ndani ya siku tatu.

Huo ndio mtihani wa nyumbani. Wengine wanausifu kuwa ndio njia ya haki kuliko zote, wengine wanasema ni kazi ya bure iliyovalishwa suti. Mimi nimekaa nikasoma, nikaulizia kwa waliopitia na kwa wanaosahihisha, na naona pande zote mbili zina lao. Ngoja nieleze taratibu ili hata mzazi ambaye mwanae kajifungia ndani siku tatu anagonga kibodi aelewe anafanya nini.

Kabla hatujaenda mbali: nikisema kodi kwenye bandiko hili, sina maana ya ile ya TRA. Namaanisha maandishi ambayo kompyuta inayafuata kama maagizo. Vitabu vinaiita msimbo, mtaani tunasema kodi.

ULIANZIA WAPI

Tatizo la mwajiri ni la zamani. Mtu anakuja na cheti kizuri na maneno mazuri, unamwajiri, halafu unagundua hawezi kuandika hata programu ya mistari kumi. Miaka ya 1990 kampuni kubwa za Marekani, Microsoft ikiwa maarufu zaidi kwa hilo, zilikuwa zinauliza mafumbo. Lile la kwa nini mifuniko ya mashimo ya barabarani ni ya duara limeshazeeka sasa. Google nao wakalipenda sana jambo hilo. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi pale Google, alikiri hadharani kuwa mafumbo hayo yalikuwa kupoteza muda, hayatabiri chochote.

Pembeni ya mafumbo kulikuwa na ubao. Unaitwa ofisini, unapewa kalamu, unaandika kodi ukutani huku watu watatu wamekukodolea macho. Joel Spolsky wa New York aliandika mwongozo wake wa usaili mwaka 2000, na moja ya mambo aliyoyasisitiza ni kwamba mwombaji aandike kodi palepale. Halafu mwaka 2007 Imran Ghory akapendekeza kitu kidogo sana kinachoitwa FizzBuzz: hesabu kuanzia 1 mpaka 100, namba inayogawanyika kwa 3 andika Fizz, inayogawanyika kwa 5 andika Buzz, inayogawanyika kwa zote andika FizzBuzz. Mtoto wa sekondari aliyefundishwa wiki mbili anaiweza. Lakini mwaka huohuo Jeff Atwood akaandika kwa mshangao kuwa wapo waombaji wengi wenye digrii wanaoshindwa. Mjadala ukawaka mtandaoni, haujazima mpaka leo.

Ubao nao ukapata lawama zake. Mwaka 2015 Max Howell, aliyeanzisha Homebrew, programu inayotumiwa na waandishi wa programu wengi wenye kompyuta za Apple, alilalamika kwenye Twitter kuwa Google wamemkataa kwa sababu alishindwa swali moja la ubaoni. Yaani wahandisi wa kampuni ileile wanatumia kitu alichotengeneza, lakini ubao umemshinda.

Hapo ndipo mtihani wa nyumbani ulipopata mashabiki. Git ilitoka mwaka 2005, GitHub ikafunguliwa mwaka 2008, ikawa rahisi kumtumia mtu kazi na kuipokea ikiwa na historia yake yote. Mitihani ya kwenye tovuti ya kusahihishwa na mashine, kama ya Codility na HackerRank, nayo ikashamiri. Hiyo ya mashine ni ndugu yake lakini si yenyewe. Ile unapewa dakika 60 au 90 na saa inakimbia, hii unapewa siku.

MFANO WA MTIHANI MZURI

Tuchukue mfano nilioutunga mwenyewe, ila unafanana na mingi niliyoonyeshwa. Kampuni inafanya mambo ya pesa za simu. Inakutumia faili lenye mistari 1,000 ya miamala. Kila mstari una namba ya muamala, namba ya wakala, tarehe, kiasi, na kama pesa imeingia au imetoka. Unaambiwa: andika programu inayosoma faili hili na kutoa jumla ya kila wakala kwa kila siku. Tumia lugha yoyote ya kompyuta unayoipenda. Usitumie zaidi ya saa 3.

Inaonekana rahisi, au siyo? Sasa angalia mitego iliyomo ndani yake.

1. Mstari wa 212 hauna kiasi, pako patupu. Programu yako inaanguka? Inahesabu kama sifuri kimyakimya? Au inauweka pembeni na kutoa taarifa kuwa mstari huu una kasoro?

2. Muamala mmoja umeandikwa mara mbili, namba ileile. Kwenye mifumo ya pesa hiki kitu kinatokea kweli, mtandao unakatika katikati na ujumbe unarudiwa. Ukihesabu mara mbili umemwongezea mtu hela ambayo haipo.

3. Ukikokotoa makato ya asilimia kwa namba za desimali za kawaida za kompyuta, utapata vioja. Lugha nyingi ukiziambia zijumlishe 0.1 na 0.2 zinakujibu 0.30000000000000004. Kompyuta haijaharibika, ndivyo inavyohifadhi desimali kwa mfumo wa namba mbilimbili. Anayejua kazi za pesa anahesabu kwa senti nzima, au anatumia aina ya namba iliyotengenezwa kwa ajili ya fedha.

4. Muamala wa saa 5:58 usiku uko siku gani, ikiwa seva inaandika saa za dunia ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa 3? Na ule wa saa 8 usiku kwetu je, wakati seva bado inahesabu jana yake?

Mnaona? Hakuna fumbo hapo wala ujanja wa kukariri. Ni mambo ambayo mtu atakutana nayo Jumatatu ya kwanza kazini. Mtihani mzuri unafanana na kazi yenyewe, ni mdogo, na maswali yake yamejificha ndani ya data.

ANAYESAHIHISHA ANATAZAMA NINI

Vijana wengi wanadhani kinachotakiwa ni programu ifanye kazi basi. Kufanya kazi ni mwanzo tu. Msahihishaji makini anakwenda hivi:

Kwanza, anasoma faili la maelezo uliloambatanisha. Je, umeeleza namna ya kuiwasha? Kama kwake haiwaki, wengi wanaishia hapo hapo. "Kwangu inafanya kazi" si jibu, maana yeye hayuko kwako.

Pili, anaipa data mbovu aone itafanyaje.

Tatu, anasoma kodi yenyewe kama mtu anayesoma barua. Majina ya vitu yanaeleweka? Au umeita kila kitu x, y na data2? Kodi inasomwa mara nyingi kuliko inavyoandikwa, na atakayeisoma mwakani labda ni mwingine kabisa.

Nne, anatafuta majaribio, yaani vile vipande vidogo vya kodi vinavyohakiki kodi nyingine. Hata vitatu vinatosha kuonyesha kuwa mtu ana tabia hiyo.

Tano, anafungua historia ya git. Aliyefanya hatua kwa hatua anaonekana, na aliyebandika kila kitu kwa mkupuo mmoja saa 9 usiku naye anaonekana.

Sita, na hili wengi hawalijui, anaangalia umeandika nini kuhusu ulichokiacha. Sentensi kama "sikushughulikia tofauti za saa kwa sababu muda ulikwisha, ningefanya hivi na hivi" ina thamani kubwa. Inaonyesha uliiona shimo.

UZURI WAKE NI NINI

Kuna utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2020 na watu wa Chuo Kikuu cha North Carolina State wakishirikiana na Microsoft. Walichukua wanafunzi 48 wa kompyuta wakawapa swali. Kundi moja walifanya ubaoni mbele ya msaili, kundi la pili walifanya ubaoni pia lakini peke yao chumbani. Wale waliotazamwa walifanya vibaya kiasi kwamba ufanisi wao ulikuwa chini ya nusu ya wenzao. Na katika wanawake, aliyetazamwa hakufaulu hata mmoja, waliokuwa peke yao walifaulu wote. Ni kundi dogo, hatuwezi kulifanya msahafu, ila linakupa picha: ule ubao unapima woga kabla haujapima akili.

Kwa hiyo mtihani wa nyumbani unamsaidia mtu mwenye haya, mtu ambaye Kiingereza chake cha kuongea kinamkwama lakini kodi yake imenyooka, na mtu ambaye hana cheti kikubwa. Kwetu sisi hili la mwisho ni zito. Mtu kamaliza kidato cha nne, kajifunza mwenyewe kwa video za mtandaoni, sivii yake haina chuo. Kwa utaratibu wa kawaida sivii hiyo inaishia kwenye kapu. Mtihani unampa nafasi ya kusema: niangalieni mkono wangu.

Wataalamu wa saikolojia ya kazi nao wamelipima jambo hili miaka mingi. Schmidt na Hunter walikusanya tafiti za miaka 85 wakatoa matokeo mwaka 1998. Kwenye kipimo ambacho 0 ni kubahatisha na 1 ni kutabiri bila kukosea, sampuli ya kazi, yaani kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe akifanye, ilipata 0.54, ya juu kuliko zote. Mwaka 2022 Sackett na wenzake wakazirudia zile hesabu wakaona zilikuwa zimekuzwa. Sampuli ya kazi ikashuka mpaka 0.33, na usaili uliopangwa, ule ambao kila mwombaji anaulizwa maswali yaleyale na kupewa alama kwa utaratibu mmoja, ukashika nafasi ya juu kwa 0.42. Somo hapo ni kwamba mtihani wa kazi unasaidia, lakini anayeutegemea peke yake anajidanganya.

UBAYA WAKE: HESABU YA MUDA

Sasa tupige hesabu ambayo waajiri wengi hawaipigi.

Tuseme nafasi ni moja. Waombaji 60 wamepewa mtihani wa saa 8. Hiyo ni saa 480 za watu. Kwa siku ya kazi ya saa 8, ni siku 60 za kazi, karibu miezi mitatu ya mtu mmoja. Wamelipwa kiasi gani? Sifuri. Na 59 kati yao hawapati kitu. Kampuni imetumia muda gani? Kama kila mtihani unasahihishwa kwa dakika 15, ni saa 15 tu. Yaani kampuni imetoa saa moja kwa kila saa 32 zilizotolewa na waombaji.

Usaili wa ana kwa ana haupo hivyo. Ukiniita saa moja, na wewe umekaa saa moja. Ndiyo maana kampuni haiwezi kuita watu 60 kihuni, gharama inaiuma. Kwenye mtihani wa nyumbani breki hiyo haipo. Ni rahisi kutuma kwa kila mtu, hata kwa ambao sivii zao hazijasomwa.

Halafu kuna hizi "saa 3". Msimamizi anasema saa 3, lakini mwombaji anajua kuna mwenzake atatumia siku nzima ili ing'ae. Basi naye anatumia siku nzima. Anayeumia zaidi ni yule mwenye majukumu: mama mwenye mtoto mchanga, kijana anayeshinda dukani mpaka saa 3 usiku, mtu mwenye kazi nyingine. Jamaa asiye na majukumu ndiye anayeonekana hodari.

Huku kwetu ongeza mengine. Mtihani wa programu ya simu unataka Android Studio, ambayo kuishusha tu ni zaidi ya GB 1 kabla hujaongeza vifaa vyake. Bando linakwenda. Umeme ukikatika saa 2 usiku na laptopu yako betri imechoka, siku moja kati ya tatu imekwenda na maji. Aliyeandika "siku tatu" akiwa Berlin hana habari kama kuna kitu kinaitwa luku kuisha usiku wa manane.

KAZI YA BURE

Hili ndilo linalowatia watu hasira.

Kuna mshikaji wangu aliomba kazi kwenye kampuni moja hapa mjini, sitaitaja. Mtihani aliopewa ulikuwa: tengeneza mfumo wa kuuza tiketi za mabasi. Uwe na sehemu ya abiria kuchagua kiti, sehemu ya malipo ya simu, ujumbe mfupi wa kuthibitisha, na ukurasa wa mwenye basi kuona mauzo. Siku tano. Akafanya, hakulala vizuri, akatuma. Kimya. Akaandika tena, kimya. Siwezi kusema waliutumia mfumo wake, sina ushahidi huo. Ninachosema ni kwamba huo haukuwa mtihani. Hiyo ni oda ya mteja.

Utatofautishaje? Jiulize maswali haya:

Je, wamenipa data ya mfano ya kubuni, au wananitaka niunganishe na mfumo wao halisi?

Je, kitu hiki kikikamilika kinaweza kuuzwa kesho?

Je, kila mwombaji kapewa swali lilelile, au mimi nimepewa ukurasa wa malipo na mwenzangu kapewa ukurasa wa ripoti? Wakigawana hivyo, jueni mnajenga nyumba ya mtu kwa msaragambo.

Je, wanajua kusema watasahihisha kwa vigezo gani?

Kuhusu sheria, watu wengi hawajui kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Na. 7 ya mwaka 1999, inataja programu za kompyuta kati ya kazi zinazolindwa. Kenya nako sheria yao ya mwaka 2001 inazilinda. Msingi wake ni kwamba mwenye kazi ni aliyeiandika, isipokuwa yakiwepo mazingira kama ya ajira au mkataba unaosema vinginevyo. Wazo halilindwi, maandishi ndiyo yanalindwa. Kwa hiyo soma vizuri fomu unayosaini kabla ya mtihani. Na kwenye faili lako la maelezo weka mstari mmoja: kodi hii imeandikwa kwa ajili ya tathmini ya maombi ya kazi pekee, haki zote ni za mwandishi. Hautakupeleka mahakamani mstari huo, ila mwenye nia mbaya atajua unajielewa.

Na msidhani kulipa waombaji haiwezekani. Automattic, kampuni iliyo nyuma ya WordPress.com, kiongozi wake Matt Mullenweg alieleza mwaka 2014 kuwa waliofika hatua za mwisho wanapewa kazi ya majaribio kwa malipo ya dola 25 kwa saa. Waanzilishi wa Basecamp nao waliandika kwenye kitabu chao cha mwaka 2018 kuwa waliobaki mwishoni wanapewa kazi ya wiki moja kwa dola 1,500. Ujanja wao uko kwenye neno "mwishoni". Hawakulipa watu 60, walilipa wale wachache ambao walikuwa wameshachujwa.

MTIHANI WENYE SUMU NDANI

Hapa naomba umakini wenu, hasa mnaotafuta kazi za nje kupitia LinkedIn.

Mwaka 2023 kampuni ya usalama wa mitandao ya ESET ilieleza kisa cha kampuni moja ya mambo ya anga huko Hispania. Mfanyakazi wake alifuatwa LinkedIn na mtu aliyejifanya anaajiri kwa niaba ya Meta. Akatumiwa mitihani miwili, Quiz1 na Quiz2. Wa kwanza unaandika salamu ileile ya wanaoanza kujifunza, wa pili unatoa mfuatano wa namba za Fibonacci. Mitihani ya kitoto kabisa. Akaifungua kwenye kompyuta ya ofisini, na ndani yake kulikuwa na mlango wa wadukuzi. ESET walilihusisha tukio hilo na kundi la Lazarus la Korea Kaskazini.

Kubwa zaidi lilitokea Japani. Machi 2024 mtu aliyejifanya mwajiri alimfuata LinkedIn mfanyakazi wa Ginco, kampuni inayotengeneza programu za kuhifadhi sarafu za kidijitali. Akampa kiungo cha kodi ya Python kwenye GitHub, akaambiwa ni mtihani wa kabla ya ajira. Jamaa akaichukua. Mwishoni mwa Mei 2024 soko la sarafu la DMM Bitcoin likaibiwa bitcoin 4,502.9, zenye thamani ya dola milioni 308 wakati huo. FBI na polisi wa Japani walitoa taarifa hiyo Desemba 2024. Soma tena hiyo namba. Yote yalianzia kwenye mtihani wa kazi!

Inawezekanaje? Kodi ya mtu unaposhusha na kuiwasha, umeipa ruhusa ya kufanya chochote ambacho wewe unaweza kufanya kwenye kompyuta hiyo. Kusoma nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, kusoma funguo za seva, kila kitu. Wakati mwingine hata hujaiwasha: amri ya kuweka vifaa tegemezi, kama ile ya npm, inaweza kuendesha kodi ya mtu mwingine wakati unadhani unashusha tu mafaili.

Kwa hiyo: usifungue mtihani kwenye kompyuta ya mwajiri wako wa sasa, hata siku moja. Usifungue kwenye kompyuta yenye pesa zako. Tumia mashine pepe, au mazingira ya mtandaoni kama GitHub Codespaces, ambapo kikiharibika kinaharibikia huko. Mtafute mwajiri kupitia tovuti ya kampuni yenyewe uulize kama kweli nafasi hiyo ipo. Na mtu anayekuharakisha, "iwashe sasa hivi unitumie picha ya matokeo", huyo muogope kama ukoma.

TANGU IJE CHATGPT

ChatGPT ilifunguliwa kwa umma Novemba 30, 2022. GitHub Copilot ilikuwa imetangulia kidogo. Tangu hapo ule mtihani wetu wa miamala unaweza kujibiwa na mashine ndani ya dakika, pamoja na faili la maelezo na majaribio yake. Kwa hiyo mtihani wa nyumbani umekufa?

Majibu yanatofautiana. Mwaka 2025 Sundar Pichai wa Google alisema wanarudisha walau raundi moja ya usaili wa ana kwa ana. Mwaka huohuo Canva ya Australia ikaenda upande wa pili kabisa: ikatangaza kuwa inatarajia waombaji watumie zana hizo kwenye usaili, kwa sababu kazini watazitumia.

Maoni yangu ni kwamba kilichokufa ni kusahihisha bila kuongea na mtu. Kodi ikishatumwa, muite mwombaji dakika 30. Mwambie: hapa mstari wa 40 umeamua hivi, kwa nini? Sasa nataka ripoti iwe ya wiki badala ya siku, badilisha tukiwa wote. Aliyeandika mwenyewe atakwenda. Aliyetumia mashine na kuelewa ilichokifanya naye atakwenda, na huyo hana kosa. Aliyebandika bila kusoma utamjua ndani ya dakika tano, ataanza kusingizia mtandao.

KWA MNAOAJIRI

Wakubwa zangu, naomba niseme kwa heshima:

Kwanza someni sivii, ongeeni na mtu dakika 20 kwa simu, ndipo mtume mtihani. Tumeni kwa watu watano, msitume kwa 60.

Fanyeni mtihani wenyewe kabla. Mpeni mfanyakazi wenu afanye. Akitumia saa 2, mwombaji mgeni atatumia 4.

Andikeni vigezo vya alama kabla hamjafungua kazi ya kwanza, na mviweke wazi kwa mwombaji. Kama majaribio yana alama 20 kati ya 100, semeni.

Toeni wiki, ili mtu mwenye kazi na watoto apate Jumamosi na Jumapili.

Ukizidi saa 4, lipeni. Hata kama ni kidogo.

Na mjibuni mtu. Mistari mitatu: umekosa, sababu ni hii, asante kwa muda wako. Mtu aliyekupa siku yake nzima anastahili dakika tano zako.

KWA TUNAOOMBA

Ulizeni kabla ya kuanza: utatumia saa ngapi, nani atasahihisha, kuna nafasi ngapi, baada ya hapo inafuata hatua gani. Kampuni ya kweli inajibu. Ikikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu lako.

Wekeni kikomo chenu. Saa zikiisha, andika ulichobakiza na utume. Ukinyimwa kazi kwa sababu hukukesha, huko kwenyewe wangekukesheza kila wiki.

Hifadhini kazi zenu. Ukiulizwa na kampuni ya pili, unaweza kuwaonyesha ile ya kwanza na kuuliza kama inatosha. Wapo wanaokubali. Ila kama ya kwanza walikuomba usiweke swali lao hadharani, waheshimu.

Na msione aibu kukataa. Kukataa mtihani wa siku tano ambao haulipwi hakukufanyi mvivu. Najua ni rahisi mimi kuandika hivi kuliko mtu mwenye kodi ya nyumba ya miezi sita mbele yake kufanya hivyo. Ndiyo maana nadhani mzigo wa kurekebisha uko zaidi kwa wenye ofisi, maana sisi tunaoomba tutafanya tu, njaa haina mjadala.

Nimalizie hapo, vidole vimechoka. Kama umewahi kufanya mtihani wa namna hii, au wewe ndiye unayeutunga, tuambie hapo chini: ulikuwa wa saa ngapi, ulijibiwa au ulikaliwa kimya? Majina ya kampuni msiyaweke bila ushahidi, tusije tukafungiwa. Matusi nitafuta. Karibuni.